Jinsi ya kumpima senta kijana kabla ya drafti ya NBA

Tarehe 25 Juni 2009 huko New York, hapa Dar es Salaam ilikuwa imeshapita saa nane za usiku, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet kuwa mchezaji wa pili katika drafti nzima ya NBA, yaani usiku ambao timu za ligi kuu ya kikapu Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu. Sisi tuliokesha tulipiga makelele mpaka majirani wakawasha taa. Kijana wetu, sentimita 221, ametajwa kabla ya karibu vijana wote wa mwaka ule. Baada yake akaitwa James Harden, wa tatu. Stephen Curry akaitwa wa saba.

Thabeet alicheza NBA misimu mitano, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 2.7 kwa mchezo. Sijawahi kumlaumu. Mtu aliyeanza kushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na miaka saba baadaye akasimama jukwaani pale, amefanya kazi kubwa kuliko wengi wetu tutakavyowahi kufanya. Waliokosea ni waliompima. Tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia masenta, wale warefu wanaocheza karibu na ringi, wa kila drafti, na hapa nimeandika ninavyofanya, hatua kwa hatua, kwa kocha wa vijana, skauti anayeanza, au mpenzi wa kikapu anayetaka kuona zaidi ya danki, mpira unapopigiliwa kikapuni kwa mkono.

Hatua ya 1: Andika kwanza kazi ya senta wa leo

Kabla hujafungua video yoyote, chukua karatasi uandike senta wa NBA anafanya nini katika mchezo mmoja. Zamani kazi ilikuwa kusimama karibu na kikapu, kupewa mpira mgongo ukiwa umeelekea ringi, na kufunga. Kazi hiyo imebaki kidogo sana. Leo senta anaweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi anayemkaba mwenzake, mara kadhaa katika kila robo, anakimbilia kikapu au anatoka nje kutupa, anatoa pasi pale ulinzi unapovunjika, anakimbia kurudi nyuma kila mara, na zaidi ya yote analinda ringi huku magadi, wale wafupi wanaoongoza mpira na walio wepesi kuliko yeye, wakimjia kwa kasi.

Ukishaandika hivyo, utaona kwamba urefu unasaidia sehemu ya kazi hiyo tu. Makocha wa Marekani wana msemo kuwa urefu haufundishwi. Ni kweli haufundishwi, lakini mambo mengi yaliyomo kwenye karatasi yako nayo ni magumu kufundisha mtu akishafika miaka 22, na hakuna anayeyatungia msemo.

Hatua ya 2: Uliza mkono unafika wapi

Kila mwaka mwezi wa Mei, Chicago hufanyika kambi ya vipimo ambako vijana hupimwa bila viatu, hunyoosha mikono ukutani, huruka na kukimbia. Namba inayoandikwa magazetini ni kimo. Wewe iache kando kwanza. Tafuta mbili: urefu wa mikono ikiwa imetandazwa, na mahali ambapo mkono mmoja unafika mtu akiwa amesimama wima bila kuruka.

Ringi iko sentimita 305 kutoka sakafuni. Rudy Gobert alipopimwa mwaka 2013, mikono yake ilitanda sentimita 235 na mkono wake mmoja ulifika takriban 292 akiwa amesimama. Maana yake alihitaji kuinuka sentimita 13 tu kugusa ringi. Mtu wa namna hiyo anazuia mpira bila kulazimika kuruka mapema, na asiyeruka mapema hadanganyiki kirahisi. Pamoja na hayo yote alichaguliwa wa 27, na baadaye akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne.

Upande wa pili kuna Draymond Green, sentimita 198, kimo cha fowadi wa kawaida. Alichaguliwa wa 35 mwaka 2012, akatwaa tuzo hiyohiyo mwaka 2017 huku mara nyingi akicheza nafasi ya senta. Kwa hiyo vipimo vinakwambia kijana ana nafasi kiasi gani ya kukosea. Kama atakosea au hatakosea, hilo utalijua kwenye hatua inayofuata, na hapo ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi.

Hatua ya 3: Tazama mechi nzima, na usiufuate mpira

Video fupi za danki na bloku (kuzuia mpira uliotupwa) zitupe. Zimekatwa na mtu anayetaka umpende kijana. Tafuta mechi nzima tatu: moja aliyocheza vizuri, moja aliyocheza vibaya, na moja dhidi ya senta mwenzake mzuri. Ziangalie macho yakiwa juu yake peke yake, hata mpira ukiwa upande mwingine wa uwanja. Mara ya kwanza utaona tabu, kwa sababu macho yetu yamezoea kufuata mpira. Dakika kumi zikipita utazoea.

Sasa subiri tendo moja, maana ndilo linaloamua maisha ya senta huko. Gadi wa timu pinzani anakuja na mpira. Mwenzake mrefu anaweka skrini, mlinzi wa gadi anakwama nyuma ya bega. Kwa muda mfupi sana, pengine sekunde moja na nusu, senta wako yuko peke yake mbele ya watu wawili: gadi mwenye mpira, na yule aliyeweka skrini ambaye sasa anakimbilia kikapu. Simamisha video hapo. Rudisha nyuma. Itazame tena polepole.

Angalia visigino vyake. Vikiwa vimebanwa chini, amechelewa kabla hata hajaanza. Angalia magoti: yamekunjwa, au amesimama kama mlingoti? Angalia nyonga: akilazimika kugeuka kumfuata gadi, anageuka kwa hatua moja au anahitaji tatu? Angalia mkono ulio upande wa mpira, kama uko juu kuziba pasi au unaning'inia kiunoni. Kisha uone anachagua nini. Mzuri anarudi nyuma taratibu akimfanya gadi asite, anawashikilia wote wawili mpaka mlinzi aliyekwama arejee, na anainuka pale tu mpira unapoondoka mkononi. Asiye tayari anafanya moja kati ya mawili. Ama anamrukia gadi mapema na pasi inapita juu yake kwenda kwa danki, ama anakimbilia chini ya ringi na kumwachia gadi nafasi ya kutupa bila bughudha. Kwa gadi kama Curry, nafasi hiyo ni pointi tatu.

Fanya hivi kwa skrini 20. Kwenye daftari chora safu tatu: amefika mapema, amechelewa, hakufika. Weka alama kila mara. Zoezi hili dogo limenifunza zaidi ya kurasa zote za takwimu nilizowahi kusoma. Kijana anaweza kupata bloku nne kwenye mchezo huku safu ya "amechelewa" ikiwa imejaa, kwa sababu urefu wake unamwokoa dhidi ya wachezaji wa vyuo vya Marekani ambao wengi wao hawatafika NBA.

Timu nyingine hazimtaki senta arudi nyuma kabisa. Zinataka walinzi wabadilishane watu kila skrini inapowekwa, naye abaki na gadi mdogo uso kwa uso, mita saba kutoka ringi. Hapo tazama hatua zake mbili za kwanza za ubavuni. Bam Adebayo, sentimita 206, alichaguliwa wa 14 mwaka 2017, na sehemu kubwa ya thamani yake ni kwamba anaweza kukaa mbele ya gadi bila kuhitaji msaada.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni uzito wa chini. Mwezi wa Februari 2009, Thabeet akiwa chuo cha Connecticut, timu iliyokuwa ikiongoza orodha ya vyuo wakati ule, alikutana na DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh. Blair alikuwa na takriban mita mbili tu. Alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, na kuna tukio ambalo wawili hao waligombea mpira mikono ikakwamana, Blair akamtupa Thabeet juu ya bega lake. Watu walilitazama kama kituko. Mimi nilipolitazama tena miaka baadaye niliona somo zima: Blair amekunja magoti na kujishusha chini, miguu imepanuka, makalio nyuma, Thabeet amesimama wima, miguu imekaribiana. Katika kugombea mpira chini ya kikapu, aliye chini zaidi ndiye mwenye nguvu. Nguvu ya mabega huongezwa kwa vyuma. Mazoea ya kukaa chini yanataka kuanza mapema, samaki akiwa angali mbichi.

Hatua ya 4: Mikono

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kuna kijana nilimwona kwenye kiwanja kimoja cha hapa mjini, mrefu kuliko wote waliokuwepo. Alipewa pasi nzuri ya juu akaidaka kwenye kimo cha paji la uso, mahali ambapo hakuna mwingine angefika. Kisha akaushusha mpira mpaka kiunoni ili ajipange, na kabla hajanyanyua kichwa kijana mfupi kuliko wote akawa ameshauchomoa na kukimbia nao. Ikatokea tena. Mara ya tatu kocha wake akapiga kelele, "Juu! Uweke juu!" lakini mikono ilikuwa na mazoea yake.

Hesabu mara ngapi kijana wako anadaka kwa mikono miwili, mara ngapi mpira unamponyoka, na mara ngapi anaushusha chini ya kifua. Tazama zaidi pasi mbaya: ya chini, ya nyuma yake, ya kudunda. Katika NBA pasi zinakuja kwa kasi na kwenye msongamano. Senta asiyedaka huacha kupewa mpira.

Hatua ya 5: Anaona nini akiwa na mpira?

Nikiulizwa kipimo kimoja tu cha kubaki nacho, nitachagua hiki. Gadi hatari anapobanwa na walinzi wawili, anampa mpira senta aliyetoka kuweka skrini. Senta anaupokea katikati ya uwanja, mbele yake washambuliaji wenzake watatu dhidi ya walinzi watatu, na yeye ni wa nne. Ana muda wa kudunda mpira mara moja. Afunge mwenyewe, ampe aliye chini ya ringi, au autupe kona?

Golden State walitwaa ubingwa mara kadhaa kwa sababu Draymond Green alilijua jibu kabla mpira haujamfikia. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014. Haruki sana, hakimbii sana, na amekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024, na bingwa mwaka 2023. Waliompita walikuwa wanapima miguu yake pale ambapo walipaswa kupima macho.

Kwenye video, simamisha picha pale kijana anapoupokea mpira. Wewe mwenyewe tafuta pasi iliyo bora. Kisha bonyeza uone kama ameiona, na amechukua muda gani. Fanya hivyo mara kumi au kumi na tano. Asiyeiona hata mara moja akiwa na miaka 19 si kwamba hafai, ila ujue unanunua mlinzi wa ringi tu, na ulipe bei ya mlinzi wa ringi. Thabeet, kwenye msimu wake bora chuoni, alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo. Asisti, pasi zinazozaa kikapu, hazikufika hata moja. Namba hiyo ya mwisho ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 6: Sasa fungua takwimu

Nimeziweka baada ya video makusudi. Ukianza na namba, utaona kwenye video kile ulichokwisha kukiamini.

Pointi kwa mchezo usizipe uzito. Zigawe kwa dakika, kwa sababu kijana anayecheza dakika 20 hawezi kulinganishwa na wa dakika 35. Angalia faulo kwa dakika pia: chuoni mchezo ni dakika 40 na mchezaji hutolewa kwa faulo tano, NBA ni dakika 48 na faulo sita. Senta mwenye faulo nyingi kwa kawaida ni yule yule aliyejaa kwenye safu yako ya "amechelewa".

Linganisha asisti na mipira anayopoteza. Angalia anavyopokonya mipira, kwa sababu senta anayepokonya ana mikono myepesi na anausoma mchezo.

Halafu mitupo huru, ile ya baada ya faulo bila mtu wa kuzuia. Ukitaka kujua kama kijana mrefu ataweza kutupa kutoka mbali siku moja, mitupo huru itakueleza vizuri kuliko pointi tatu chache alizojaribu chuoni. Brook Lopez, wa 10 mwaka 2008, katika misimu yake minane ya kwanza NBA aliingiza mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Lakini mitupo huru alikuwa anaingiza karibu nane katika kila kumi. Msimu wa 2016–17 akaanza kutupa kutoka nje na kuingiza 134. Mkono laini ulikuwepo siku zote, hakuna aliyemwomba autumie.

Hatua ya 7: Umri, na miaka ya kucheza

Haya ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya. Mwenye miaka 22 anayewatawala wa miaka 19 ana mwili uliokomaa, basi punguza sifa. Lakini mwenye miaka 22 aliyeanza kucheza akiwa na 16 amefundishwa kwa miaka sita tu, na huenda bado ana nafasi ya kukua. Hakeem Olajuwon alikuwa kipa wa mpira wa miguu huko Lagos kabla ya kugusa mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tu. Joel Embiid wa Cameroon naye alianza akiwa na miaka 15 au 16, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi.

Waafrika tunapenda mifano hii, nami naipenda. Ila tazama kinachowaunganisha hao wawili: miguu. Olajuwon alitoka na miguu ya kipa, Embiid alicheza mpira wa wavu. Kwa hiyo kijana aliyechelewa kuanza muulize alicheza nini kabla. Kisha linganisha video ya mwezi wa kwanza wa msimu na ya mwezi wa mwisho. Kama hakuna kilichobadilika ndani ya miezi mitano ya mazoezi ya kila siku, hoja ya kwamba "bado mgeni wa mchezo" inapungua nguvu.

Dikembe Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25, umri ambao leo ungewatisha wengi. Akachaguliwa wa nne na akawa mlinzi bora wa mwaka mara nne.

Hatua ya 8: Anacheza chini ya sheria gani

Tangu msimu wa 2001–02, NBA hairuhusu mlinzi kukaa kwenye eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hayuko karibu na mtu anayemkaba. Vyuo vya Marekani na mashindano ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, hawana sheria hiyo. Kijana mrefu anaweza kuweka kambi chini ya ringi mchezo mzima akikusanya bloku, na siku akifika NBA filimbi inamtoa pale.

Mstari wa pointi tatu nao uko mita 7.24 katika NBA, na 6.75 chuoni na FIBA. Nusu mita inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila uwanjani inamlazimu senta kutoka mbali zaidi na kurudi mbali zaidi. Hivyo unapohesabu bloku zake, zigawe: zile alizozipata akiwa amesimama pale pale, na zile alizozipata akitokea sehemu nyingine. Hizo za pili ndizo atakazosafiri nazo.

Hatua ya 9: Mifupa na magoti

Portland walimchukua Sam Bowie wa pili mwaka 1984, kijana aliyekuwa amekosa misimu miwili chuoni kwa mfupa wa mguu. Wa tatu alikuwa Michael Jordan. Mwaka 2007 Portland hao hao walimchukua Greg Oden wa kwanza, goti likafanyiwa upasuaji kabla hajacheza mchezo hata mmoja wa ligi, na maisha yake yote ya NBA yakawa mechi 105. Wa pili mwaka ule alikuwa Kevin Durant.

Hata hivyo Blair yule yule wa Pittsburgh alishuka mpaka wa 37 kwa sababu magoti yake yote mawili hayakuwa na ACL, ligamenti ya ndani inayoshikilia goti, na akacheza NBA misimu saba. Embiid alivunjika mfupa wa unyayo kabla ya drafti ya 2014, akachaguliwa wa tatu, akakosa misimu miwili mizima, na kusubiriwa kwake kukalipa. Wewe na mimi hatuoni faili za daktari. Tunachoweza kufanya ni kuangalia anavyotua: miguu miwili au mmoja, magoti yanaingia ndani au yanabaki sawa. Majeraha ya unyayo na ya mfupa wa mguu kwa mtu mzito na mrefu yape uzito kuliko ya kidole au bega, kwa kuwa mzigo wote unarudi pale pale kila anapotua.

Hatua ya 10: Bei

Sasa weka daftari lako mezani ujiulize: kijana huyu ni wa namba ngapi? Hapa ndipo Memphis walipoteleza mwaka 2009. Tayari walikuwa na senta kijana kikosini, Marc Gasol, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi. Walitumia namba ya pili kutafuta kitu walichokuwa wanakifuga nyumbani.

Tazama hii orodha: Clint Capela wa 25, Gobert wa 27, Ivica Zubac wa 32, DeAndre Jordan wa 35, Mitchell Robinson wa 36, Jokić wa 41, Gasol wa 48. Senta anayeweka skrini, anayeruka na kulinda ringi hupatikana chini huko karibu kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo namba tatu za juu nazihifadhi kwa mrefu anayefanya kisichopatikana chini: anayeongoza mashambulizi, au anayelinda uwanja mzima, kama Victor Wembanyama mwaka 2023. James Wiseman alichukuliwa wa pili mwaka 2020 akiwa amecheza mechi tatu tu chuoni. Mechi tatu hazitoshi hata kujaza safu zangu tatu za daftari.

Bei nzuri pia inategemea kama kijana anaijua kazi yake. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliutikisa mji wa Portland mwaka 2011 kwenye mchezo wa vijana wa dunia dhidi ya Marekani: pointi 12, ribaundi 11, bloku 10. Akachaguliwa wa saba. Hakuwahi kuwa mfungaji, na bado alikuwa anaajiriwa na timu za NBA zaidi ya miaka kumi baadaye, kwa sababu alifanya mambo matatu anayoyaweza na hakudai la nne.

Mfano: Khaman Maluach, 2025

Nimalizie kwa kijana ambaye wengi wetu ukanda huu tunamwona wa kwetu. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Kampala, akapitia akademia ya NBA kule Saly, Senegal, akachezea City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, akaivaa jezi ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha chuo cha Duke, Marekani.

Vipimo: sentimita 215 bila viatu, mkono unafika karibu 290. Hapo hakuna la kujadili. Takwimu: zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake iliingia, karibu yote ya chini ya kikapu, lakini mitupo huru iliingia zaidi ya asilimia 75, na nikakumbuka Lopez. Umri 18, na miaka michache tu ya kucheza. Kwenye video miguu yake ni hai. Akibaki na gadi baada ya skrini haanguki. Anaweka skrini ngumu, anakimbia uwanja mzima. Pasi ni chache mno, hivyo hatua ya tano alama yake ni ndogo.

Kisha nikatazama nusu fainali ya vyuo dhidi ya chuo cha Houston mwezi wa Aprili. Dakika 21, ribaundi sifuri. Duke walikuwa wanaongoza kwa tofauti kubwa wakafungwa 70–67. Niliirudia mechi ile mara mbili nikimwangalia yeye tu kila mpira ulipotupwa. Karibu kila mara alikuwa amesimama mahali sahihi, macho juu, mikono juu, magoti yamenyooka, na mtu mfupi amemwekea makalio mapajani na kumsogeza hatua moja. Hatua hiyo moja ilitosha. Ni kile kile alichofanya Blair mwaka 2009.

Kwenye daftari langu niliandika: nampenda, kati ya 8 na 14, si juu zaidi. Houston Rockets walimchukua wa 10, akaenda Phoenix kwenye biashara iliyompeleka Durant Houston. Ninapomtazama sasa sihesabu danki. Mpira ukiruka kutoka kwenye ringi, natazama magoti yake.